Kazi ya Ajira na Kazi ya Hiari: Mifano Miwili Kutoka Njia ya Tabora

Mara nyingi hudhaniwa kwamba uchunguzi wa kisayansi na uandishi ni shughuli za watu wenye nafasi: wale wasio na zamu, wasiosahihisha madaftari, wala hawana shamba linalowangoja. Mwalimu wa sekondari husema kwamba atakusanya mimea ya wilaya yake, au ataandika masimulizi ya wazee, atakapopata likizo. Likizo huja, ikapita. Ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilipitwa na watu waliofanya kazi ya namna hiyo bila likizo yoyote. Wawili wanafaa kuchunguzwa: mmoja alikuwa gavana, mwingine mtumishi wa msafara.

Gavana huyo ni Eduard Schnitzer, ajulikanaye zaidi kwa jina la Emin Pasha. Alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Silesia, akasomea udaktari, akatumika katika dola ya Waturuki, na mwaka 1878 akateuliwa kuwa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani. Kazi hiyo peke yake ilitosha kummaliza mtu. Alisimamia askari, kodi, ghala na mashauri, na bado alitibu wagonjwa. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo alipima hali ya hewa na kukusanya ndege na wanyama kwa maelfu, ingawa macho yake yalikuwa dhaifu, hata ikamlazimu kusogeza kitu karibu na uso ili akione.

Aliwezaje? Jibu limo katika asili ya kazi yenyewe. Katika nchi ya joto, ndege aliyekufa huanza kuharibika baada ya saa chache tu. Hana budi kuchunwa siku ileile, ngozi ipakwe dawa ya kuzuia wadudu, ijazwe pamba, kisha ifungwe kipande cha karatasi chenye tarehe, mahali na jinsia ya ndege. Kazi hiyo haikubali kuahirishwa, lakini pia ina mwisho: ndege mmoja akikamilika, amekamilika. Mkusanyaji akiitwa usiku kuamua kesi au kumtibu majeruhi, ndege wa jana hapungukiwi kitu. Tofauti yake na kitabu kikubwa ambacho mtu hukiwaza kwa miaka bila kuandika ukurasa mmoja ni kubwa sana. Yafaa pia ieleweke kwamba ngozi isiyo na tarehe wala mahali ni pambo tu. Kile kipande cha karatasi ndicho sayansi.

Jambo la pili ni kwamba Emin alikuwa na mtu wa kumpelekea. Ngozi zake zilipokewa na wataalamu wa Ulaya, akiwamo Gustav Hartlaub wa mji wa Bremen. Mwaka 1882 Hartlaub alieleza ndege mdogo mla wadudu, mwenye mgongo wa hudhurungi na kitambaa cheusi usoni, akamwita Lanius gubernator. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake gavana. Hivyo cheo cha ajira kikaingia katika jina la ndege kwa sababu ya kazi ya hiari. Panya buku wa misitu ya Kongo naye, Cricetomys emini, alipewa jina la Emin mwaka 1910, wakati mkusanyaji mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 18.

Mfano huu, hata hivyo, una doa. Stanley, aliyekwenda kumtoa Emin katika jimbo lake na kufika naye Bagamoyo Desemba 1889, alimsawiri kama mtu aliyejali mikusanyo yake kuliko hatari iliyomzunguka. Stanley si shahidi asiye na upande, lakini swali lake haliwezi kupuuzwa: kazi ya hiari huweza kuwa maficho ya kukwepa uamuzi mgumu wa kazi ya ajira. Tena Emin alikuwa na wasaidizi wa kuwinda na kuchuna, na majina yao hayakuingia katika Kilatini. Mwaka 1890 alipita Tabora akiwa mtumishi wa Wajerumani, akapandisha bendera yao. Miaka mitatu baadaye Mtemi Isike alikufa katika ngome yake akipigana nao. Mkusanyaji wa ndege na mpandisha bendera walikuwa mtu mmoja.

Jacob Wainwright hakuwa na bendera wala wasaidizi. Alikuwa Myao aliyetolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Nasik, huko India. Mwaka 1872 alifika Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na watu waliotumwa kumtumikia Livingstone, na mwezi Agosti wakaondoka naye kuelekea kusini. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mapema mwezi Mei 1873, wenzake Susi na Chuma waliongoza shauri la kuurudisha mwili pwani. Wainwright alitakiwa kuandika orodha ya mali ya marehemu, kwa kuwa alijua kuandika. Hiyo ilikuwa kazi ya ajira. Kisha akaendelea kwa hiari yake: aliandika shajara ya safari ile.

Mazingira ya uandishi huo yanastahili kukumbukwa. Muda mfupi baada ya kuondoka, wengi waliugua hata msafara ukalala karibu mwezi mzima. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, ambako Luteni Cameron aliwashauri wamzike marehemu hapo, walikataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Katika muda huo wote mwandishi alikuwa mtu wa safari kama wenzake, na shajara yake ilikuwa na maingizo mafupi tu. Mwaka huohuo wa 1874 ilichapishwa kwa Kijerumani katika jarida la jiografia, lugha ambayo wenzake wa msafara wasingeweza kuisoma. Wainwright alifariki mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora. Kwa maoni ya makala haya, shajara hiyo ni mfano mkubwa kuliko maelfu ya ngozi za Emin, kwa kuwa iliandikwa na mtu asiye na amri juu ya saa zake mwenyewe.

Tabora ina mfano wa karibu zaidi. Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo baada ya kutoka Makerere, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare zilizotoka akiwa Rais. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kazi ya hiari huruhusu jambo ambalo ofisi hairuhusu mara nyingi, nalo ni kurudia.

Zoezi. Shule ichague mninga mmoja ulio karibu na uwanja wake. Kila siku saa 3 asubuhi, wakati wa kusoma kipimo cha mvua, mwanafunzi mmoja wa zamu aandike mambo matatu: tarehe, milimita za mvua, na hali ya mti, yaani kama umepukutisha majani, umetoa maua ya manjano, au umechipua. Kazi isizidi dakika 10, na siku iliyokosekana iachwe wazi wala isijazwe kwa kukisia. Jina la mwandishi liwekwe kila siku kando ya maandishi yake. Mwisho wa mwaka nakala moja ipelekwe kwa mtu atakayeisoma, kama vile kituo cha hali ya hewa kilicho karibu au idara ya mimea ya chuo kikuu. Daftari lenyewe libaki shuleni, hata kama mwalimu aliyelianzisha atahamishwa.