Raia, Mgeni na Mkimbizi: Sheria za Nchi Jirani Zasemaje?

Katika mtaa wa Iftin mjini Garissa, na katika kila kijiji kutoka hapo hadi Liboi, hapana nyumba isiyo na ndugu ng'ambo ya mpaka. Mmoja ana shangazi Kismayu, mwingine ana mjomba Jijiga, na wa tatu ana kaka aliyefungua duka Kampala. Watu hawa ni wa ukoo mmoja na lugha moja, lakini mbele ya sheria hawako sawa. Mmoja huitwa raia, wa pili mgeni, wa tatu mkimbizi, na kila jina lina haki zake na vizuizi vyake. Katika somo la leo twataka kueleza kwa ufupi jinsi serikali za nchi zetu zilivyotunga sheria juu ya watu wanaohama, ili msomaji ajue zinapopatana na zinapotengana.

ASILI YA MAMBO

Mpaka ulio mashariki ya Garissa si wa zamani sana. Nchi ya Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza mpaka ilipokabidhiwa kwa Waitalia mwaka 1925. Malisho na visima vilibaki pale pale, bali wenyewe wakajikuta chini ya serikali mbili. Upande wa Kenya, Jimbo la Mpaka wa Kaskazini liliwekewa sheria za peke yake, nazo ni ile ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934. Kwa sheria hizo mtu hakuweza kuingia wala kutoka jimboni pasipo ruhusa ya serikali.

Baada ya Uhuru mambo hayakulegea. Hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hilo mwezi wa Desemba 1963, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katikati ya muda huo, mwaka 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wahakikiwe upya na kupewa kadi ya pili juu ya kitambulisho chao. Haya twayataja ili kijana wa leo aelewe kwa nini wazee wake hushika sana karatasi zao, na kwa nini msafiri wa Garissa hatoki nyumbani bila kutazama kwanza kama kitambulisho kimo mfukoni.

MAPATANO YA MATAIFA

Sheria za wakimbizi katika nchi zetu zina mizizi mitatu. Wa kwanza ni Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, na wa pili ni Itifaki ya mwaka 1967. Mzizi wa tatu ni mapatano ya nchi za Afrika yaliyotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Hayo ya mwisho yatufaa zaidi, kwa maana yanamtambua pia mtu aliyekimbia vita au machafuko makubwa katika nchi yake, hata kama hakuwindwa yeye binafsi kwa ajili ya dini, kabila au siasa. Sheria moja imo katika mapatano yote, nayo ni kwamba haifai kumrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini.

Basi kama mizizi ni mmoja, mbona matawi yanatofautiana? Sababu ni kwamba mapatano yanasema mkimbizi apokewe, lakini namna ya kumpokea huamuliwa na kila serikali.

UGANDA NA TANZANIA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda imelishika neno hilo. Sheria yake ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini, na wale wakaao katika makazi kama Nakivale hupewa kipande cha shamba. Kwa sababu hiyo Uganda inasifiwa mahali pengi, ingawa mashamba yamezidi kuwa madogo kadiri watu walivyoongezeka. Lakini msomaji asidhani kwamba mlango wa uraia nao u wazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haimpi haki ya kuandikishwa kuwa raia mtoto aliyezaliwa nchini ikiwa mzazi wake alikuwa mkimbizi wakati ule. Anaweza kulima Uganda maisha yake yote, na bado akabaki mgeni.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, mathalan kambi ya Nyarugusu katika Mkoa wa Kigoma, na asitoke ila kwa kibali. Hata hivyo serikali hiyo hiyo ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia nchi yao mwaka 1972 pamoja na watoto wao, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Twaona basi kwamba nchi moja hutoa jembe ikazuia cheti, na nyingine huzuia njia ikatoa cheti. Ni vigumu kusema ipi ni karimu kuliko mwenzake mpaka tumesoma sheria zote mbili hadi mwisho.

ETHIOPIA NA SOMALIA

Ethiopia ina kambi nyingi za Wasomali, miongoni mwake zile za Dollo Ado, karibu na pembe ambapo nchi tatu zinakutana. Kwa muda mrefu mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Mwaka 2019 sheria mpya ilitolewa, nayo inaruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea na kuandikisha watoto wanaozaliwa. Sheria imekwisha andikwa, bali utekelezaji wake unakwenda hatua kwa hatua.

Kwa Somalia, jambo la kujua hasa ni uraia. Sheria ya mwaka 1962 inamhesabu mtoto kuwa raia kwa kumfuata baba. Kenya ni tofauti. Tangu Katiba ya mwaka 2010, mtoto hupata uraia kwa baba au kwa mama, popote alipozaliwa, na Mkenya wa kuzaliwa anaweza kuwa na uraia wa nchi ya pili. Tanzania na Ethiopia hazikubali mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Hivyo kijana ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake ni Msomali anaweza kuwa raia wa nchi zote mbili.

KENYA NA KAMBI ZA DADAAB

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza mwaka 1991 na 1992, zikakusudiwa watu 90,000. Ilipofika mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa Somalia, waliokuwamo walipita 450,000. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuzifunga, lakini Februari 2017 Mahakama Kuu ilikataza. Sheria ya sasa ni ile ya mwaka 2021, iliyofuta ile ya mwaka 2006. Bado inataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, ila imepanua nafasi ya kazi na biashara. Juu ya hayo, mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kugeuza kambi polepole ziwe miji inayokaliwa na wakimbizi pamoja na wenyeji.

Katika sheria hiyo ya mwaka 2021 kimo kifungu kinachostahili kusomwa kwa makini. Kinasema kwamba mkimbizi aliyetoka katika nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuacha hali ya ukimbizi ili apate manufaa ya Jumuiya. Somalia imekuwa nchi ya Jumuiya tangu Machi 2024. Yampasa mtu afikiri sana kabla ya kuchagua, kwa maana anayeacha ukimbizi anaacha pia ulinzi wake, na nchi haitimizi masharti yote ya soko la pamoja kwa siku moja.

Lipo pia jambo linalowauma wenyeji wa Garissa wenyewe. Katika miaka ya ukame, raia wengi walioishiwa na mifugo waliandikisha jina kambini ili wapate unga na mafuta kwa ajili ya watoto. Hawakudhani kwamba wanauza uraia. Miaka ikapita, watoto wakafikia umri wa miaka 18, na walipokwenda kuomba kitambulisho alama za vidole zikaonyesha kwamba wao ni wakimbizi. Asiye na kitambulisho hawezi kupiga kura, wala kufungua hesabu benki, wala kuajiriwa. Hata safari ya kuvuka daraja la Tana kwenda Nairobi humtia hofu. Shauri lao limefika mbele ya Mahakama Kuu ya Garissa. Nao Wakenya wa mikoa ya mpakani walipata nafuu mwezi wa Februari 2025, Rais William Ruto alipotia sahihi Wajir tangazo la kuondoa uhakiki maalum waliokuwa wakifanyiwa wao tu.

MFUGAJI NA MVUA

Amebaki mtu mmoja ambaye sheria nyingi zimemsahau: mfugaji afuataye mvua. Yeye si mkimbizi, wala hataki kuhama. Ataka majani tu, kisha arudi. Nchi za IGAD zilikubaliana mwaka 2020 juu ya itifaki ya watu kwenda na kurudi kwa uhuru, na nyingine juu ya mifugo kuvuka mipaka kutafuta malisho. Lakini itifaki haiwi na nguvu mpaka nchi zimeithibitisha.

YALIYO MIKONONI MWETU

Kutunga sheria si kazi ya msomaji, bali yako mambo awezayo kufanya leo. Mtoto akizaliwa, aandikishwe kabla ya miezi sita, hata kama alizaliwa manyattani. Cheti chake kitunzwe mahali pakavu. Kijana akifikia miaka 18, aombe kitambulisho bila kungoja siku ya safari. Na mtu yeyote asiandike jina lake katika daftari lolote, hata la chakula, kabla ya kuuliza daftari hilo litamwita nani kesho.