Ukiambiwa "Utafiti Umethibitisha", Uliza Maswali Manne



Huku Shinyanga na Geita habari za zebaki haziishi kwenye magrupu yetu. Mmoja anaandika kwamba wachimbaji wote wameshaathirika. Mwingine anajibu: wanasayansi wamesema sisi tuko salama. Nani mkweli? Mimi nimesoma falsafa, si kemia, lakini utafiti wenyewe unasomeka.

Tuchukue huu wa afya za wachimbaji wadogo wa Geita, uliotoka mwaka 2010 katika jarida la Science of the Total Environment. Usihangaike kuelewa kila neno. Soma muhtasari, ruka hadi hitimisho, kisha rudi katikati na maswali haya:

1. Walipimwa nani, na lini? Watu 180 wa Rwamagasa, mwaka 2003. Si Watanzania wote, wala si jana.

2. Walilinganishwa na nani? Watu 31 wa Katoro, kama kilomita 30 kutoka pale, ambao hawakuwa wa machimboni. Bila wa kulinganisha nao, namba peke yake haisemi kitu.

3. Kilipimwa nini? Zebaki iliyomo kwenye damu, mkojo na nywele. Siyo maneno ya watu tu.

4. Wamesema nini, na nini hawakusema? Waliovuka kiwango cha hatari ni wachomaji wa dhahabu, maana wanavuta mvuke wa zebaki. Wamesema pia kwamba wachimbaji wa hapa walikuwa na zebaki kidogo kuliko wa sehemu nyingine duniani. Lakini "kidogo kuliko" siyo "salama"! Hapo ndipo watu hukata sentensi nusu na kuisambaza.

Imani inaingiaje? Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015) namba 51, anataja uchafuzi wa zebaki kwenye uchimbaji dhahabu. Na Amri ya Nane inagusa hata nusu ukweli tunaoutuma kwa simu. Kuna kaka anachomea dhahabu jikoni, mtoto yuko mgongoni kwa mama yake pembeni. Ukiwa umesoma vizuri, unajua la kumwambia: "Kaka, shida kubwa ni ule mvuke. Usichomee ndani, na tumia kifaa cha kuunasa."

Zoezi la wiki: kwenye jumuiya au VIWAWA, chukueni ujumbe mmoja unaosema "utafiti umethibitisha", muujaribu kwa maswali haya manne.

Roho Mtakatifu atujalie akili na elimu. Amina.