Vuli Isiyo na Mvua: Somo Nililolipata Nanjing

Najua ukurasa wa somo ndio ambao wengi huuruka wakakimbilia vitendawili na chemshabongo. Leo nakusihi usiuruke. Nina deni, na kwa kuwa nililikopa mbele ya Chama kizima, sina budi kulilipa mbele ya Chama kizima.

Mnakumbuka mdahalo wetu wa msamiati, muhula wa tatu mwaka 2024? Swali lilikuwa hili: yale majira ya nchi za baridi ambapo majani hugeuka rangi na kuanguka, sisi Waswahili tuyaiteje? Nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Nikasimama na kamusi mkononi, nikasema jibu ni vuli, kamusi imekwisha kusema, hakuna la kujadili. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye babake ni mvuvi, akainua mkono. "Samahani dada," akasema, "lakini vuli ni mvua." Nami bila hata kufikiri nikamjibu, "Ni mvua huko kwenu ufuoni. Hapa tunasoma vitabu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye akaketi, mimi nikapigiwa makofi. Siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kikubwa kama boga.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mjomba wangu anasomea kilimo katika mji wa Nanjing, nchini China. Mkaza mjomba alikuwa na mtoto mchanga ambaye babake hajamtia machoni, na likizo ilipofika ikaamuliwa kwamba aende, nami niandamane naye nimsaidie kubeba mtoto. Ndivyo mimi, binti wa Malindi ambaye safari yangu ndefu kabla ya hapo ilikuwa Mombasa, nilivyojikuta ndani ya ndege mwezi wa Novemba. Habari za ndege nitazipita, maana mtoto alilia njia nzima na sina zaidi la kueleza.

Nanjing ni mji wa kale. Jina lake lina maana ya mji mkuu wa kusini, na kweli ulikuwa mji mkuu wa China chini ya wafalme wa Ming hadi mwaka 1421, makao yalipohamishiwa Beijing. Jambo la kwanza nililoliona si ukale wake, ni baridi yake. Asubuhi nilivaa sweta mbili na koti la mjomba, na bado meno yaligongana. Jambo la pili lilinitatanisha zaidi. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa linazama! Kwetu Malindi, nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, mchana na usiku ni kama mapacha mwaka mzima. Nanjing iko nyuzi 32 kaskazini, na mwezi huo mchana umekwisha kukatwa na usiku umeongezewa. Mwalimu wa jiografia alitufundisha haya, nikayakariri, nikapata alama zangu. Lakini kuyakariri ni kitu kimoja, na kumwogesha mtoto gizani saa kumi na moja na nusu ni kingine.

Na mvua je? Nilikaa wiki tatu na sikuona mvua ya maana. Mbingu ilikuwa buluu na kavu. Nikampigia mamangu simu, akaniambia huku kwetu imenyesha tangu alfajiri, ua umejaa maji, na mchicha umeota hadi mlangoni. Niliposhusha simu nikamkumbuka yule mvulana.

Jumamosi moja mjomba alitupeleka kwenye Mlima wa Zambarau, mashariki ya mji, kuliko na kaburi la mfalme wa kwanza wa Ming, Zhu Yuanzhang, aliyefariki mwaka 1398. Kabla ya kufika kaburini kuna njia inayolindwa na wanyama wa mawe. Ni jozi 12, yaani wanyama 24: simba, ngamia, ndovu, farasi, na aina mbili za wanyama wa hadithini. Katika kila aina, jozi moja imesimama na nyingine imepiga magoti au kuketi. Mjomba alisema ni kama walinzi wanaopokezana zamu. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wa Nanjing huimiminikia majira hayo, kwa sababu miti iliyo kando yake hugeuka rangi yote kwa pamoja.

Hapa, msomaji, ndipo Kiswahili changu kilipotahiniwa. Nilitaka kumwandikia mamangu niyaonayo, nikaanza: "Majani ni mekundu na ya manjano." Nikaona nimesema uongo, ingawa kila neno ni kweli. Basi nikaanza upya. Kulikuwa na majani ya rangi ya chungwa, na mengine hudhurungi. Kulikuwa na mekundu ya damu ya mzee, na mekundu ya pilipili mbivu. Na kulikuwa na mti mmoja, mrefu, ambao jani lake limekaa kama kipepeo cha kupepea moto wa makaa, na wote kuanzia chini hadi kileleni ulikuwa rangi ya bizari. Chini yake ardhi haikuonekana. Ungedhani mtu amemwaga gunia zima la bizari akaenda zake. Wachina huuita mti huo yinxing. Nitaurudia baadaye.

Sababu ya mageuzi hayo nilielezwa na mjomba, naye ni mtu wa mimea. Jani huwa kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mti. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, na ile iliyopo huvunjikavunjika. Hapo ndipo manjano huonekana. Hayakuja kutoka nje. Yalikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipuka, ila kijani kiliyafunika. Wekundu ni jambo jingine: huo hutengenezwa wakati ule ule, kutokana na sukari iliyobaki jani. Kisha penye kikonyo, pale jani linapoungana na tawi, hutokea tabaka la seli linaloziba njia ya maji. Upepo kidogo tu, jani limejiachia.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo, mjomba, majani yanaanguka?" Akanicheka. "Embe huanguka. Nazi huanguka. Majani haya yanapukutika."

Neno lenyewe nilikuwa nalo siku zote, nalo tulilichunguze kidogo, maana hapa ndipo somo lilipo. Kuanguka ni kwa kitu chochote, hata mtu, hata serikali. Kudondoka ni kwa kitu kidogo, au kwa tone tone. Kupukutika ni kwa vitu vingi vidogo vinavyoachia vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila kutikiswa na mtu, mpaka kilichovibeba kinabaki kitupu. Maua ya mwembe hupukutika. Ndiyo maana wapo wanaoyaita majira haya mapukutiko, na siku ya mdahalo neno hilo lilitajwa, nikalipuuza eti ni refu!

Lakini sijamaliza na wale wanyama wa mawe. Mmoja kati ya wale wa hadithini huitwa qilin, litamke "chilin". Ana magamba mwilini, na Wachina wa kale waliamini huonekana tu wakati mfalme mwema anapotawala. Mjomba akanisogeza karibu na jiwe, akaniuliza, "Unamjua huyu?" Nikasema simjui. Akasema, "Ni mtu wa kwenu. Ametoka Malindi."

Nilidhani ananitania. Kumbe kuna kisa cha kweli. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle, mwana wa huyo aliyezikwa pale, zawadi ya twiga. Mwaka mmoja kabla yake twiga mwingine alikuwa ametumwa kutoka Bengal. Wachina hawakuwa na twiga, wala neno la twiga. Walipomwona mnyama mwenye shingo ndefu, mpole, mla majani, mwenye madoadoa, walifanya nini? Walimpa jina walilokuwa nalo tayari. Wakamwita qilin.

Nilimtazama yule qilin wa mawe toka kwato hadi pembe. Mnifanyie haki, jamani: hana hata shingo! Ni mnene, amejibana, ana kichwa cha joka. Hafanani na twiga kama mimi nisivyofanana na mnazi. Nikacheka hadi mtoto akaamka mgongoni. Katikati ya kicheko kikanikata. Kwani mimi nilifanya nini na kamusi yangu? Nilichukua neno la mvua nikalivisha majira makavu, kwa sababu tu yote mawili huangukia miezi ya karibu, Oktoba na Novemba. Tena mimi nimewapita Wachina kwa kosa. Wao twiga walikuwa hawamjui, lakini mimi vuli naijua. Nimezaliwa ndani yake. Kwetu mbuyu husimama uchi wakati wa ukame, na mvua zikija ndipo huvaa majani. Vuli ya Malindi huleta majani, na majira yale ya Nanjing huyaondoa. Nililitumia neno kinyumenyume kabisa, na aliyenisahihisha nikamfanya achekwe.

Kuna jambo moja zaidi la twiga. Leo Wachina hawamwiti qilin tena. Wana jina lenye maana ya paa mwenye shingo ndefu, limeundwa kutokana na umbo lake. Wajapani lakini wamebaki na kirin hadi leo, na wanaelewana bila taabu. Kwa hiyo sisemi kwamba neno la kuazima haliwezi kuishi. Sitagombana na kamusi. Nasema tu kwamba pwani hii neno vuli lina kazi yake, na lina watu wanaolitegemea kujua siku ya kupanda na siku ya kuvuta ngalawa pwani. Wachina wenyewe, mjomba alinionyesha, herufi yao ya majira hayo imeunganishwa kutoka alama ya nafaka na alama ya moto. Wao waliyaangalia mashamba. Wamarekani wamechukua neno la kuanguka. Kila mmoja ametaja alichokiona, na mimi nilitaja nilichokisoma.

Tulitembea pengine pengi. Tulipanda ukuta wa mji, uliojengwa karne ya 14, wenye urefu wa kilomita 35 hivi, na bado kama 25 zimesimama. Matofali yake yamepigwa mhuri wa mahali yalikotoka, maofisa waliosimamia na fundi aliyeyafinyanga, ili tofali likiwa bovu ajulikane wa kuulizwa. Nilipitisha kidole juu ya herufi hizo nisizoweza kuzisoma nikashukuru kwamba hoja za mdahalo hazipigwi mhuri. Tuliona pia bustani iliyo mahali pa kiwanda cha merikebu za Zheng He, yule amiri Mwislamu aliyeongoza safari saba kati ya 1405 na 1433. Mwaka 1957 palichimbuliwa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11. Usukani peke yake, wala si merikebu! Jioni tulikula viazi vitamu vya kuchoma vilivyouzwa njiani katika pipa la chuma, na utamu wake haukuhitaji tafsiri.

Kuna mahali pamoja ambapo sikuandika kitu kwenye daftari, nako ni katika jumba la kumbukumbu la watu waliouawa na jeshi la Japani kuanzia Desemba 1937. Mkaza mjomba alimfunika mtoto uso, ingawa mtoto haelewi. Sitaandika na hapa.

Muhula wa kwanza ulipofunguliwa nilimtafuta yule mvulana, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Nilimkuta kwenye bomba la maji wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu ya kuomba radhi, yenye methali tatu, lakini ulimi ukawa mzito, nikasema tu, "Ulisema kweli. Vuli ni mvua. Nisamehe kwa ule mcheko." Akaangalia chini, akasema, "Si kitu, dada." Halafu akauliza, "Lakini wewe umeyaona? Hayo majani?"

Nikafungua kamusi, nikatoa moja la rangi ya bizari nililolikausha humo. Aliligeuza mara mbili tatu, akalipepea mbele ya uso wake.

"Na mti huu unaitwaje kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu, na safari hii sikulitafuta kwenye kamusi. Akafikiri kidogo, akasema, "Labda mpepea." Nimelibandika jani ubaoni penye mabango ya Chama, chini yake nimeandika mpepea pamoja na jina lake yeye, na nimeacha nafasi. Mwenye jina jingine aliandike kabla ya mkutano wa Ijumaa ya mwisho wa muhula, nalo litajadiliwa. Wa kidato cha chini watasema kwanza.