Mbabula, makala na pori letu

Mfanyakazi mwenzetu, kisha baruti kupasuka ndani ya mgodi, hakuna mtu anayeruhusiwa kurudi mahali pa kazi kabla ya hewa kusafishwa. Sababu unaijua: baruti huacha gazi zinazoua, na moja kati yao haina rangi, haina harufu wala ladha. Wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni, na kwa herufi wanaiandika CO. Hata kiongozi wa ekipi awe na haraka namna gani, atangoja mashine ya kupuliza hewa imalize kazi yake.

Sasa tuje nyumbani. Ni mwezi wa sita, baridi ya usiku ni kali, watoto wanatetemeka. Bibi yako amepika bukari nje juu ya mbabula, na kisha chakula makala yangali mekundu. Mnaingiza mbabula chumbani, mnafunga dirisha, mnaziba chini ya mlango kwa nguo ili baridi isipite, mnalala. Gazi ile ile uliyoikimbia kazini, umeileta wewe mwenyewe karibu ya kitanda cha watoto.

Leo tunasema juu ya makala: namna yanavyoua watu nyumbani, na namna yanavyomaliza pori. Wengi wanafikiri kwamba hayo ni mambo mawili. Sisi tunaona ni jambo moja, kwa sababu dawa yake ni moja: kuchoma makala machache, na kuyachoma vizuri.

Makala yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Moshi unachoma macho, na mtu anatoka. Lakini makala mekundu, mazuri ya kuota moto, yanatoa CO nyingi na pua haisikii kitu. Ndani ya damu kuna kitu chekundu kinachochukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. CO inashikana na kitu hicho kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana gazi kidogo inatosha: inakalia nafasi ya oksijeni, na haitoki upesi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anataka kutapika, miguu inalegea. Aliye macho bado anaweza kutoka nje. Aliyelala hajui lolote, anaendelea kulala. Mama mwenye mimba awe na uangalifu mara mbili, kwani mtoto wa tumboni anaweza kuumia hata pale mama anapojiona amepona.

Je, ukiwakuta watu wamelegea na mbabula iko ndani, utafanya nini? Vuta pumzi nje na uishike, fungua mlango na madirisha, vuta watu mpaka penye hewa, toa mbabula. Kisha wapeleke wote hospitali, hata yule anayesema kwamba sasa hana kitu. Katika hewa ya kawaida damu inahitaji saa nne au tano ili kuondoa nusu tu ya gazi hiyo. Kwa oksijeni ya hospitali ni karibu saa moja au moja na nusu. Maziwa hayaondoi CO katika damu. Mafuta ya mawese pia hayaiondoi. Na bakuli la maji lililowekwa kando ya moto halisaidii, kwa kuwa gazi hii haikamatwi na maji.

Tusifikiri kwamba ni taabu ya Katanga peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limehesabu kwamba mwaka 2020 watu karibu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi na gazi za jikoni: kuni, makala, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Wengi hawafi kwa usiku mmoja kama tulivyoeleza juu. Mapafu na moyo vinaharibika polepole, mwaka kwa mwaka.

Sasa tufuate gunia la makala mpaka lilikotoka. Katika tanuru la udongo, namna ya desturi, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala. Kinachobaki kinakwenda hewani. Piga hesabu ya nyumba yako. Ikiwa unamaliza magunia mawili ya kilo 50 kwa mwezi, kwa mwaka ni kilo 1,200 za makala, yaani tani 6 mpaka 12 za kuni. Hiyo ni nyumba moja. Hesabu na nyumba za kambi nzima, halafu za mji wote.

Kuni hizo ni mutondo, muputu, musamba na ndugu zao, miti ya pori linaloitwa miombo, linaloanzia Angola na kupita kwetu na Zambia mpaka Tanzania na Msumbiji. Pori hilo linatupa asali, viwavi na dawa. Linatupa pia uyoga, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: uyoga mwingi tunaonunua barabarani wakati wa masika unaishi pamoja na mizizi ya miti hiyo, mmoja anamlisha mwenzake. Miti ikikwisha, hata mvua inyeshe namna gani, uyoga huo hautaota. Na kaboni iliyofungwa ndani ya miti inapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Shaba na kobalti yetu inakwenda kutengeneza magari ya umeme ili hewa ya miji ya mbali iwe safi, na huku nyumbani tunapuliza mbabula. Neno hilo linastahili kusemwa, hata kama halipendezi.

Mwezi wa nane 2022, nchi za miombo zilikutana Maputo na kutia sahihi tangazo la kulinda pori hili. Tangazo ni jambo zuri, lakini halipiki bukari. Tutazame watu waliofanya kitu cha kushikwa mkononi. Huko Kenya, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, mafundi wanatengeneza mbabula ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Udongo unashika joto, na makala yanapungua kwa karibu theluthi moja, hata nusu kwa mpishi anayejua kuitumia. Kwetu Congo, huko Mampu kwenye uwanda wa Bateke, kati ya 1987 na 1993 walipanda akasia kwenye hekta karibu 8,000, ili Kinshasa ipate makala ya shamba badala ya kula pori. Familia zilipewa viwanja, zinalima muhogo kati ya miti, zinakata, zinapanda tena.

Hapa kwetu ni lazima kutazama pia moto wa porini. Mwaka 1933, karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, wataalamu wa misitu walianza kujaribu moto kwenye vipande vya miombo. Kimoja walikichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa. Kingine walikichoma mapema. Kingine hawakukichoma hata kidogo. Miaka mingi ilipopita, kile cha moto wa mwisho kilikuwa karibu majani matupu. Kile cha moto wa mapema kilikuwa bado na miti. Kile kisichochomwa kilikuwa pori zito. Kwa hiyo mwenye shamba la kusafisha asingoje mwezi wa tisa au wa kumi. Achome mwezi wa tano, majani yakiwa bado na unyevu, na akate njia ya kuzuia moto kabla ya kuuwasha.

Kumbuka pia kwamba mti wa miombo ukikatwa haufi. Mizizi yake inabaki hai miaka mingi. Kisiki kisipopata moto wala jembe, masika yakifika kitatoa machipukizi kumi au zaidi. Chagua mawili au matatu yaliyosimama wima, kata mengine, na uweke alama watoto wasiyavunje.