Siku Moja Kwenye Kingo za Menengai: Mume, Mke, Watoto na Mbwa



Je, ni lini mara ya mwisho nyinyi wawili na watoto wenu mlikuwa pamoja kutwa nzima? Katika nyumba nyingi, Jumamosi baba yuko kazini au kwenye mpira, mama yuko sokoni au kwenye chama, na watoto kila mmoja ana lake. Jioni mume na mke huzungumza, lakini habari ni karo, unga na bili ya stima. Ndoa kama hiyo yaweza kudumu miaka mingi huku ikikauka polepole.

Sisi tunaokaa Nakuru na kandokando yake tuna dawa iliyo karibu: kutembea. Nendeni siku nzima kwa miguu, na kama mna mbwa, huenda naye akaenda. Hata hivyo, matembezi hayo yana mambo manne ambayo mume na mke hawana budi kukubaliana kabla ya kutoka nyumbani.

1. Mwende wapi?

Mlima Menengai uko juu ya mji wetu. Kilele chake kina mita 2,278, na ndani yake kuna shimo kubwa la volkeno lenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Kwenye miteremko kuna msitu na vijia, na ukifika ukingoni unaona mvuke ukipanda kutoka ardhini. Tangu mwaka 2011 visima vya mvuke vimekuwa vikichimbwa humo kwa ajili ya umeme. Msishuke chini bila mtu anayepajua. Msitu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Muulizeni askari wa msitu kama mbwa anaruhusiwa, njia ipi ni salama, na ada ni kiasi gani.

Lakini Hell's Gate, Longonot na mbuga ya Ziwa Nakuru ni hifadhi za taifa. Huko mbwa haingii kabisa, na sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba. Mkienda huko, mbwa abaki nyumbani, na mtoto aelezwe mapema asije akalia getini.

2. Mbwa ni wa nani?

Swali hili ni dogo, lakini limeleta maneno katika nyumba nyingi. Mara nyingi baba ndiye aliyemleta, watoto ndio wanaocheza naye, na mama ndiye anayempikia na kuosha uchafu wake. Kabla ya safari gawaneni kazi. Mmoja ahakikishe mbwa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo inayorudiwa kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyosema. Mwingine abebe maji yake na kibakuli, kwa kuwa mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na jua la saa sita humwelemea upesi. Njiani awe kwenye kamba. Akiona nyani atamkimbiza, na nyani dume aweza kumrarua. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali. Jioni mchunguzeni masikio na vidole, mtoe kupe.

Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza, kupona ni karibu muhali.

3. Mwendo wa nani?

Tuchukue mfano wa mume mwenye miguu mirefu. Anatangulia na mbwa, hatua mia mbili mbele. Nyuma mke amebeba kikapu cha chapati, viazi vitamu na chupa ya chai, huku mtoto mdogo akimvuta leso. Wakifika juu, mume anasema, "Mmechelewa!" Je, hao wametembea pamoja?

Kanuni ni hii: mwendo ni wa yule aliye mdogo au aliyechoka zaidi. Mzigo ugawanywe kwenye mifuko miwili. Kubwa zaidi, mume na mke watembee sambamba pale njia inaporuhusu. Yako maneno ambayo ni magumu kuyasema mkitazamana mezani, lakini hutoka yenyewe mkitazama njia moja. Msiwahimize watoto kunyamaza wala msiharakishe kufika. Mwenda pole hajikwai.

4. Neno "Turudi"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hell's Gate, ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mvua yaweza kunyesha vilimani mbali, nanyi mmesimama juani, na maji yakaja ghafula kama ukuta. Mwezi wa Aprili 2012 watu saba waliokuwa katika matembezi ya kikundi cha kanisa walikufa humo. Septemba 2019 wengine saba wakachukuliwa na maji. Mkienda huko, ulizeni kwanza getini kama korongo limefunguliwa, na majira ya mvua msiingie.

Kwa hiyo wekeni sharti kabla ya kuondoka: mmoja wenu akisema "turudi", wote wanarudi. Hakuna kubishana, hakuna kucheka, wala hakuna kumkumbusha wiki ijayo kwamba mvua haikunyesha. Mke aliyeona wingu jeusi asiitwe mwoga. Mume aliyesikia goti likimuuma asidharauliwe mbele ya watoto. Aliyezoea kusikilizwa msituni atathubutu kusema pia nyumbani: "Mume wangu, mkopo huu unanitia hofu, tungoje kidogo." Na mume aliyezoea kugeuka njiani hataona aibu kugeuka katika jambo hilo.

Ondokeni saa moja asubuhi, mrudi kufikia saa nane, kabla ya mvua ya alasiri. Anzeni na njia fupi.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Ni kazi gani ya nyumbani mwenzangu anaifanya kila siku nami sijawahi kuishukuru?
2. Katika ndoa yetu, nani hutangulia na nani huachwa nyuma?
3. Ni lini mwenzangu aliniambia "turudi" nami sikumsikiliza?
4. Tutatembea Jumamosi ipi? Andikeni tarehe kwenye kalenda kabla ya kulala leo.