MAGOFU YA KILWA KISIWANI: YA KUTAZAMA NA YA KUJIFUNZA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu hapa shuleni tunalijua jina la Kilwa kwa kuwa limo katika masomo ya historia, na kila mtihani ukikaribia tunalikariri pamoja na miaka yake. Lakini kutoka hapa Nyamiaga, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, mpaka pwani ya Lindi ni kuikata nchi nzima toka pembe moja hata ya pili, kwa hiyo walio wengi hawajapata kuyaona magofu hayo kwa macho. Mimi nilibahatika kufika huko katika likizo ya Desemba, maana mjomba wangu anafundisha Kilwa Masoko, nami sioni haki kukaa na habari hizo peke yangu. Basi nitawaeleza yapasayo kutazamwa, moja baada ya moja, kisha nitajaribu kulijibu swali lizualo ubishi kila mara katika bweni letu: Je, Kilwa ni ya nani?

1. Njia ya kufika

Kutoka Dar es Salaam msafiri hupanda basi la kusini, huuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na baada ya kilometa zipatazo 300 hufika Kilwa Masoko. Hapo hupata kibali na mtu wa kumwongoza, kisha huvuka bahari kwa mashua au boti, kadiri ya kilometa mbili tu. Ajue kwamba kisiwa kile si makumbusho matupu. Wako wenyeji waishio humo, wavuvi na wakulima, na watoto wao huchunga mbuzi kati ya kuta za wafalme. Kwa hiyo mgeni apite kwa adabu na kupiga hodi, maana anatembea uani kwa watu.

2. Gereza

Jengo lionekanalo kwanza toka baharini ni Gereza. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco d'Almeida waliuteka mji wa Kilwa, wakaupora na kujenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Ngome tunayoiona leo ilijengwa na Waomani katika karne ya 19 juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Upande wa baharini umeliwa na mawimbi, na ukisimama hapo unaona wazi kwamba bahari ni adui mwenye subira kuliko mizinga.

3. Msikiti Mkuu

Sehemu ya kaskazini ya msikiti huu ndiyo ya kale zaidi, nayo ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini, yenye nguzo, matao na makuba, iliongezwa katika karne ya 14 na kutengenezwa tena katika karne ya 15. Wajenzi walitumia mawe ya matumbawe, na chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la kuni. Katika nyumba zao dari zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko hautoi boriti ndefu sana, vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba. Hivyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Nasi wa Ngara tunalielewa jambo hilo, maana hata kwetu mjenzi hutazama kwanza kile ambacho kilima chake kinampa.

4. Husuni Kubwa na Makutani

Mashariki ya mji, juu ya genge lielekealo bahari, yako mabaki ya jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ua mpana, na birika la kuogea lenye pande nane. Niliuzunguka ukingo wake nikizihesabu pande hizo, zikatimia. Sultani huyo ndiye aliyempokea msafiri mashuhuri Ibn Battuta wa Moroko mwaka 1331. Msafiri huyo aliusifu mji kwa uzuri wake, akaandika kwamba Sultani aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake.

Karibu na Msikiti Mkuu yapo pia Makutani, makao ya masultani wa karne ya 18, yaliyozungushiwa ukuta mkubwa. Na mwenye siku ya ziada asiache kwenda Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini, penye mji mwingine wa mawe.

5. Sarafu zilizosafiri

Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba, zenye majina ya masultani. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na mwaka 1944 sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mbali sana, katika kisiwa kimoja cha kaskazini ya Australia! Ile ya Zimbabwe inatufundisha jambo kubwa: utajiri wa Kilwa ulitoka bara. Dhahabu iliyopita Sofala ilichimbwa bara, na pembe za ndovu zilitoka bara.

6. Je, Kilwa ni ya nani?

Wako wenzetu wasemao, "Hayo ni majengo ya wageni, sisi yatuhusu nini?" Hushika ile hadithi ya kale ya Kilwa, isemayo kwamba Ali bin Hassan alikuja toka Shiraz, akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote.

Lakini ardhi nayo ina ushahidi wake. Waliochimba hapo, akiwamo Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta chini ya mji wa mawe mabaki ya kijiji cha nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji. Kisha mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Walikuta kwamba wengi wa watu hao kwa upande wa mama walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Basi hadithi ile si uongo, lakini imesimulia habari za baba tu na kumsahau mama.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitoka bara, wakafikishwa pwani kwa miguu. Kwa hiyo mtu wa bara asemaye Kilwa haimhusu, anawatupa mara ya pili wale waliokwisha tupwa. Jibu langu ni hili: Kilwa ni ya waliojenga, na ni ya waliouzwa, nasi ni warithi wa wote wawili. Tukisifu makuba tukanyamaza juu ya minyororo, tumesoma nusu ya somo.

7. Wajibu wetu

Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yaliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa ajili ya mawimbi, mvua na magugu, na baada ya kazi ya kuyahifadhi yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Lakini bahari haijaondoka mahali pake, na jiwe likianguka halijiinui.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kwenda, usipande juu ya kuta, usichukue hata kigae kimoja, wala usichore jina lako. Nanyi wazazi, mtoto akiomba nauli ya safari ya masomo, msiihesabu kuwa ni nauli ya matembezi. Mwenye kuona kwa macho hahitaji kukariri.