NYUMBU WAVUKAPO MTO MARA

Mto Mara huanza katika vinamasi vya milima ya Mau, na baada ya mwendo wa maili zipatazo 245 humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, karibu na Musoma katika nchi ya Tanzania. Si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi kuna mahali ambapo mtu mrefu angeweza kuuvuka kwa miguu, kama mamba wangempa ruhusa. Walakini katika nchi yote ya Serengeti na Mara hakuna mto mwingine mkubwa ambao hutiririka mwaka mzima bila kukauka, na kwa sababu hiyo uhai wa wanyama wengi mno umefungamana nao.

Mashuhuri kupita wote ni nyumbu. Watu wa pwani walisikiapo jina hilo huenda wakafikiri habari za mtoto wa punda na farasi, lakini nyumbu wa porini ni mnyama mwingine kabisa, aliye wa ukoo wa kongoni. Pembe zake ni kama za ng'ombe, mkia kama wa farasi, na mgongo umeinama nyuma kama wa fisi. Wao ni zaidi ya milioni moja, na hufuatana na pundamilia wapatao laki mbili, pamoja na swala wengi.

Yafaa kuuliza, wanyama hawa wanatafuta nini hata wasikae mahali pamoja? Jibu ni majani na mvua. Mwezi wa Februari huwa katika nyanda za kusini ya Serengeti, ambako udongo umetokana na majivu ya milima ya moto. Majani ya huko ni mafupi, lakini yana chumvi nyingi zifaazo mifupa na maziwa, na huko ndiko majike huzaa, walio wengi katika muda wa majuma matatu tu. Simba na fisi hushiba wakashindwa kuwamaliza ndama. Mvua za masika zikiisha, nyanda hizo hukauka, na makundi huelekea magharibi kisha kaskazini. Kati ya Julai na Oktoba wengi huwa katika Mara, upande wa Kenya. Mvua za vuli zikianza, hurudi kusini.

Watu wengi hudhani kwamba wingi huu umekuwapo tangu zamani zote. La hasha. Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu bila hesabu, na wafugaji wengi wakafa njaa. Sotoka haikuondoka, kwa miaka mingi iliendelea kuua nyumbu wachanga. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, watu wa Ujerumani, waliwahesabu wanyama kutoka katika eropleni iliyopakwa milia kama pundamilia, na hesabu yao ya nyumbu haikufika laki moja. Michael alikufa Januari 1959 eropleni hiyo ilipoanguka. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata kama robo milioni. Lakini ifikapo mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na laki mbili.

Kilichowaongeza hivyo hakikuwa bunduki ya Bwana Nyama, bali sindano ya bwana mifugo. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka nchi ile walichanjwa, ugonjwa ukakosa mahali pa kukaa, na nyumbu wakapona ingawa hakuna hata mmoja wao aliyechomwa sindano. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani pote.

Hata hivyo mfugaji hana sababu ya kumpenda nyumbu kwa kila jambo. Ndama wa nyumbu, katika miezi ya kwanza ya maisha yake, hutoa puani na machoni kijidudu ambacho hakimdhuru yeye, bali kikimpata ng'ombe humtia homa kali, macho huingia ukungu, na karibu kila mara hufa. Dawa ya kumponya haipo. Ndiyo maana Wamasai, wakati nyumbu wazaapo, huwahamisha ng'ombe wao mbali na majani mazuri. Hasara hiyo haionekani na mgeni apitaye kwa motokaa, naye anapomwona mchungaji akiwaepuka nyumbu asidhani kwamba ni mwoga.

Atakaye kuwaona wakivuka hana budi kuwa na subira. Makundi huja ukingoni, hunusa maji, husimama saa nyingi, kisha huenda zao bila kuvuka. Siku nyingine mmoja hujitupa, na wote humfuata kwa vumbi na kelele. Motokaa ikisimama mahali pa kushukia, au watu wakitelemka na kupiga kelele, walio mbele hugeuka na kurudi, au hukimbilia mahali penye ukingo mrefu, na huko huvunjika miguu. Afadhali kusimamisha motokaa mbali, kuzima injini, na kungoja mpaka wa kwanza wawe wamekwisha ingia majini.

Mamba husifiwa kuwa ndiye muuaji mkuu. Kwa kweli huwapata wachache. Walio wengi hufa kwa kuzama, hasa mto unapojaa, au kwa kukanyagana penye ukingo mkali. Wataalamu waliochunguza mto tangu mwaka 2001 hata 2015 waliona kwamba nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka, kwa wastani. Hawapotei bure: tai na korongo hula, samaki hula, na mifupa hukaa chini ya maji miaka saba ikioza polepole na kuurutubisha mto.

Hatari iliyo kubwa kuliko mamba iko mbali na vivuko. Nyumbu wa Loita, ambao walikuwa na safari yao wenyewe ndani ya Kenya, walikuwa karibu 120,000 mwaka 1977. Miaka ishirini baadaye hawakufika 25,000, maana nyanda walizozalia zililimwa ngano. Na misitu ya Mau ikikatwa, maji ya kiangazi hupungua.

Wale waliofika ng'ambo salama hujikung'uta maji na kuanza kula papo hapo. Mvua ikinyesha upande waliotoka, si ajabu kuwaona kesho yake wamesimama tena ukingoni, wakinusa maji, tayari kurudi.